Probayotiki za "kutibu stress": bakteria wa tumboni wanaongea vipi na ubongo, na utafiti umefika wapi haswa

Mzee wa Kaunta:

Wakuu habari za mida hii. Nimeamua kushusha huu uzi kwa sababu nakaa kaunta ya duka la dawa na siku hizi haipiti wiki bila mtu kuja na picha ya kopo kwenye simu, ametumiwa WhatsApp, ameambiwa ni probayotiki, yaani bakteria wazuri wanaotibu stress, sonona, kukosa usingizi na wasiwasi, eti "wanapandisha serotonini kichwani", ile kemikali inayohusishwa na furaha. Kopo lenyewe bei ni ya kodi ya chumba. Na wanaokuja kuulizia wengi ni watu walioumia kweli, mtu macho mekundu, halali, so inaniuma kuona anauziwa maneno. Nataka niweke hapa kinachojulikana, maana sayansi yenyewe ni tamu kuliko hayo matangazo na ni haki ya watu kuijua ilivyo.

Kwanza, habari ya tumbo kuwasiliana na ubongo ni ya kweli, msije mkadhani napinga. Kwenye kuta za utumbo kuna mtandao wa neva wenye mamilioni ya seli, una uwezo wa kuendesha shughuli za usagaji chakula wenyewe bila kusubiri amri. Afu kuna neva inaitwa vagasi, inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, kifuani mpaka tumboni. Wengi tunadhani kazi yake ni kushusha amri toka kichwani, lakini nyuzi zake karibu 80% zinapandisha taarifa, yaani tumbo ndo linaongea zaidi na ubongo ndo unasikiliza. Ukiacha neva kuna njia ya damu, ambamo zinapita homoni na kemikali ambazo bakteria wanatengeneza wakila nyuzinyuzi za chakula, kuna kinga ya mwili ambayo sehemu yake kubwa imekaa utumboni, na kuna ule mfumo wa homoni za stress unaoishia kwenye kotisoli.

Sasa bakteria wanaingiaje hapo? Mwaka 2004 Wajapani wa chuo kikuu cha Kyushu walitumia panya waliofugwa bila bakteria hata mmoja toka kuzaliwa. Wakawabana kidogo ili wapate stress, homoni za stress zikapanda kuliko kwa panya wa kawaida. Walipowapa bakteria mmoja tu, Bifidobacterium infantis, mambo yakatulia. Lakini kuna kitu hapo watu hawakisemi, kuwarudishia bakteria kulisaidia kama panya bado ni mdogo, wakishakua hairekebishiki tena. Maana yake kuna kipindi cha utotoni ambacho bakteria wanashiriki kuupanga mfumo wa stress, na kikipita kimepita.

Afu ikaja ile ya 2011, ndo karibu kila tangazo linaegemea hapo hata kama muuzaji mwenyewe hajui. Kikundi cha chuo kikuu cha Cork kule Ayalandi, kina John Cryan na Ted Dinan, wakishirikiana na watu wa McMaster Kanada, walichukua bakteria anaitwa Lactobacillus rhamnosus JB-1 wakawapa panya siku 28. Wengine walipewa ule mchuzi mtupu wa kukuzia bakteria. Halafu wakawajaribu. Ukimuweka panya kwenye maji asiyoweza kutoka, baada ya muda anaacha kuhangaika anaelea tu, wale wa JB-1 walihangaika muda mrefu zaidi kabla ya kukata tamaa. Ukimuweka kwenye njia za juu, zingine zina kuta zingine ziko wazi, panya muoga anajificha penye kuta, hawa wa JB-1 walithubutu kutoka. Homoni ya stress baada ya misukosuko ilikuwa chini. Na walipoupima ubongo wakakuta vipokezi vya GABA vimebadilika, vimepanda sehemu zingine na kupungua zingine. GABA ndo kemikali inayotuliza neva, dawa kama diazepam zinafanya kazi kupitia vipokezi hivyohivyo.

Na sasa kitu kilichofanya dunia ishtuke: wakachukua panya wengine wakaikata ile neva ya vagasi, wakawapa JB-1 vilevile. Hakuna kilichotokea. Uoga uleule, vipokezi vilevile. Bakteria wapo tumboni, njia haipo, ujumbe haufiki. Mimi nikisoma jaribio hilo mpaka leo nasisimka, maana halikuishia kusema "bakteria na akili vinahusiana", lilionyesha njia yenyewe inapopita.

Tangazo linaishia hapo. Utafiti haukuishia hapo. Haohao watu wa Cork walimchukua JB-1 yuleyule wakampeleka kwa binadamu, matokeo yakatoka 2017. Wanaume 29 wenye afya, wiki nane wanameza bakteria, wiki nane wanameza kidonge hewa, yaani kisicho na bakteria ndani, hawajui kipi ni kipi. Wakapimwa kila kitu, stress ya kujieleza wenyewe, kotisoli, alama za uvimbe kwenye damu, kumbukumbu, mawimbi ya ubongo, mpaka kuchovya mkono kwenye maji ya baridi kali huku mtu anawatazama. Bakteria hakumshinda kidonge hewa popote. Na wakaichapisha wenyewe, bila kuficha, hilo nawaheshimu sana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: njia ipo na imethibitishwa, ila kutoka panya mpaka mtu mwenye sonona hapo Buzuruga kuna umbali ambao kopo halijauvuka. Karibuni tujadili.

Nyundo2:

Mkuu umeandika vizuri ila naona kama umemaliza mapema. Kwa hiyo kwa binadamu hakuna kitu kabisa? Maana nimewahi kusikia kuna watu walipigwa picha za ubongo ikaonekana tofauti.

Mzee wa Kaunta:

@Nyundo2 swali zuri, vipo mkuu, tena vingine vizuri. Hiyo ya picha nadhani unaisemea ya chuo cha UCLA, Los Angeles Marekani 2013, wanawake 36 wenye afya waligawanywa makundi matatu, moja likanywa maziwa yaliyochachushwa yenye bakteria mara mbili kwa siku wiki nne, jingine maziwa ya kawaida, la tatu halikupewa chochote. Wakaingizwa kwenye mashine wakaonyeshwa picha za nyuso zenye hasira na woga. Wale wa bakteria, sehemu za ubongo zinazopokea hisia na taarifa za ndani ya mwili ziliitikia kidogo kuliko wengine. Ni kweli na ni kubwa, ila ujue iligharamiwa na Danone ambao wanauza hayo maziwa, na picha ya ubongo kubadilika haimaanishi mtu amepona kitu, hao hawakuwa wagonjwa.

Ninayoipenda zaidi ni ya McMaster 2017. Watu 44 wenye tumbo lile linalosumbua bila kidonda, mara linaharisha mara linakaza, na juu yake wana wasiwasi au sonona ya wastani. Wiki sita, nusu wakapewa Bifidobacterium longum NCC3001. Sonona ilipungua kwa 14 kati ya 22, kwenye kidonge hewa 7 kati ya 22, na amigdala, sehemu inayowaka mtu akiogopa, ilitulia kwenye picha. Ila wasiwasi wenyewe haukupungua kwa kiwango cha kuhesabika. Mradi huo nao ulikuwa na mkono wa Nestlé.

Afu King's College London 2023, watu 49 wenye sonona, wanatumia dawa tayari ila dawa haijawatosha, wakaongezewa mchanganyiko wa bakteria aina 14 kwa wiki nane, alama zao za sonona na wasiwasi zikashuka kuliko wa kidonge hewa. Sikia hapo, WAKAONGEZEWA. Hakuna aliyeachishwa dawa. Na waandishi wenyewe waliita jaribio la awali la kuangalia kama inafaa kufanya kubwa.

Angalia utakachokiona: JB-1 alishindwa kwa watu wenye afya, hawa wa McMaster na King's wakafanya kitu kwa watu wenye shida tayari. Inawezekana mtu aliyetulia hana cha kutulizwa. Na ni bakteria tofauti. Huwezi kuchukua sifa ya mmoja ukambandika mwingine kwa sababu majina yanafanana.

Mama Jose:

Samahani kaka mimi si mtu wa sayansi ila nilisoma kwamba serotonini 90% inatengenezwa tumboni, sasa kama bakteria wanaiongeza si ndo furaha inaongezeka? Hapo ndo mimi nilikuwa karibu kununua.

Mzee wa Kaunta:

Dada yangu usiombe samahani, hicho ndo kipande kinachouza makopo mengi kuliko vyote na nusu yake ni kweli kabisa. Ni kweli kama 90% na zaidi ya serotonini ya mwili iko tumboni, inatengenezwa na seli maalum za ukuta wa utumbo, na ni kweli bakteria wanaweza kuzichochea hizo seli, Caltech walionyesha hivyo kwa panya 2015. Ila serotonini ya tumboni haipandi kwenda kwenye ubongo. Kuna kizuizi kati ya damu na ubongo na yenyewe haipiti. Kazi yake huko chini ni kusukuma chakula, ndo maana ikivurugika unaharisha au unapata choo kigumu. Ubongo unatengeneza ya kwake mwenyewe, ukitumia triptofani inayotoka kwenye chakula.

Inachoweza kufanya ile ya tumboni ni kugusa ncha za vagasi pale ukutani, na vagasi ndo ikapandisha taarifa. Ni ujumbe unaopanda, serotonini yenyewe inabaki. Kwa hiyo mtu akikwambia "inaongeza serotonini kichwani" ameruka hatua yote muhimu. GABA nayo vilevile, bakteria wengine wanaitengeneza kweli ila kupita ule mpaka ni shida kubwa.

Daktari Mtarajiwa:

Naunga mkono mleta mada. Niongeze kitu kuhusu zile kemikali za nyuzinyuzi maana naona amepita haraka. Bakteria wakivunja nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kusaga wanatoa asetati, propionati na butirati. Butirati ndo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana, inasaidia ukuta kushikamana. Kule Freiburg Ujerumani 2015 walikuta panya wasio na bakteria wana seli za ulinzi za ubongo ambazo hazijakomaa, haziitikii maambukizi inavyotakiwa, wakiwapa kemikali hizo kwenye maji ya kunywa seli zikakaa sawa. Yaani kinachotoka kwenye maharage na dona kinafika kuathiri askari wa ndani ya ubongo, kwa panya angalau. Mimi hii ndo ilinifanya nibadili nachokula, kabla hata ya kufikiria kidonge chochote.

Mtoto wa Bomet:

Hapa Kenya sisi tumekunywa mursik toka tuzaliwe, maziwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa senetwet. Sasa mnaniambia hiyo si probayotiki? Na mala ya dukani je? Na togwa yenu huko TZ?

Mzee wa Kaunta:

Karibu sana jirani. Mursik, mtindi, togwa vyote vina bakteria hai wa jamii ya lakto, kwenye maziwa ya Wamaasai na togwa wameshawapata mpaka Lactobacillus plantarum. Ila kwa maana iliyowekwa na FAO na WHO mwaka 2001, probayotiki ni vimelea hai ambao ukipewa kwa kiwango cha kutosha wanaleta faida kiafya, so inabidi bakteria ajulikane ni nani na faida iwe imepimwa. Kibuyu cha kwenu na cha jirani havina bakteria sawa. Ni chakula kizuri chenye bakteria hai, na kwa mimi hiyo ni sifa tosha, haihitaji jina lingine.

Angalieni na mapishi. Togwa unapika uji kwanza, unauacha upoe, ndo unatia kimea na togwa ya jana, unaacha ichachuke unakunywa hivyohivyo, bakteria wanafika tumboni wazima. Uji wa kuchachusha unga kwanza afu ukaupika, wameshaiva wote. Haimaanishi haufai, ile tindikali na ladha vinabaki na unasagika vizuri, ila hai hakuna. Mala za viwandani nazo zingine zinapashwa moto baada ya kuchachuka ili zikae muda mrefu.

Na hapa kwetu Mwanza kuna historia nzuri watu wengi hawaijui. Toka 2004 chuo cha Western cha Kanada kwa kushirikiana na watu wa hapa, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wakiwemo, waliwasaidia kina mama wa Mabatini kutengeneza mtindi wenye bakteria anayejulikana kwa jina kamili, Lactobacillus rhamnosus GR-1, baadaye ukaitwa Fiti, na walengwa wakubwa walikuwa watu wanaoishi na VVU. Uganda nao wana Yoba, bakteria wake ni nakala ya yule Lactobacillus rhamnosus GG maarufu, LGG kwa kifupi, unga wake unauzwa kwa watengenezaji wadogo wa mtindi kwa bei wanayoiweza. Hao waliongea habari za kuharisha na lishe, sikuona wakimuahidi mtu kumtoa sonona. Ndo uungwana ninaoutaka.

Karatu Moja:

Wakuu niingie kidogo maana mnaongea kama kuna tumbo moja zuri la kila mtu. Huku kwetu ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, na watafiti walipima vinyesi vyao wakachapisha 2014, wakalinganisha na Waitaliano wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi sana za bakteria kuliko wale, ila watu wazima wao hawakukutwa kabisa na Bifidobacterium, yuleyule ambaye kwenye makopo ndo anaitwa bakteria mzuri namba moja! Na 2017 ikaonekana bakteria wao wanabadilika kwa msimu, asali na matunda ya masika vikija wengine wanapungua, kiangazi cha nyama na mizizi wanarudi. Sasa huyo muuzaji atamwambia Mhadzabe tumbo lake lina upungufu?

Mzee wa Kaunta:

@Karatu Moja nashukuru sana, hili nilikuwa nataka mtu alilete. Panya wa Cork, wanaume wa Ayalandi, wanawake wa Los Angeles, karibu ushahidi wote tunaoutegemea haujatoka kwenye matumbo yetu, na Israeli taasisi ya Weizmann 2018 walionyesha hata kati ya watu wanaokula probayotiki ileile, kwa wengine bakteria wanakaa utumboni na kwa wengine wanapita tu wanatoka chooni. Mimi natamani wanafunzi wa Muhimbili, Bugando, Makerere na Moi waifanye hii kazi hapa, kwa watu wanaokula dona, dagaa na matembele, wakiwa na minyoo na wakiwa hawana, maana minyoo nayo inabadilisha tumbo. Tutajua habari zetu wenyewe badala ya kununua za wengine kwenye kopo.

Kimya Kingi:

Naandika kwa mara ya kwanza humu. Nna sonona, natumia dawa za hospitali, zinanichosha na kuninenepesha. Kuna dada ananiambia niache nianze hizo bakteria maana ni asili hazina madhara. Nimesoma uzi wote. Nifanyeje?

Mzee wa Kaunta:

Ndugu yangu nashukuru umeandika. USIACHE dawa. Zikikatwa ghafla zinaweza kukuletea kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira, na ugonjwa wenyewe kurudi kwa kishindo. Rudi kwa aliyekuandikia umwambie hayohayo uliyoniambia, uchovu na uzito, zipo nyingine za kubadilisha na kuna namna ya kupunguza dozi taratibu. Kama anakujibu vibaya tafuta mwingine, kliniki za afya ya akili zipo hospitali za rufaa. Ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo na mwambie mtu wa karibu akusindikize. Mtindi kunywa, hauna ugomvi na dawa nyingi za sonona, ila zipo za zamani chache zenye masharti ya vyakula vilivyochachushwa so muonyeshe jina la dawa mfamasia wako, au nitumie PM nikusaidie kuliangalia.

Na hiyo "asili haina madhara" siyo kweli. Uholanzi 2008 wagonjwa waliolazwa na uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa probayotiki kwa nia njema, waliokufa wakawa 16%, kwenye kidonge hewa 6%. Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, mwaka 2023 ilitoa onyo kuhusu watoto njiti. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida hatari ni ndogo sana, ila mwenye kinga dhaifu, mtoto njiti, aliye ICU, hao sio wa kuwapa bila daktari.

Mama Jose:

@Kimya Kingi pole sana mdogo wangu, tupo pamoja, hata mimi nimepita huko baada ya kujifungua, dawa ya kwanza ilinisumbua wakabadilisha nikakaa sawa. Usikate tamaa na hospitali.

Kaka la mwisho, mwanangu akimaliza antibayotiki nimpe hizo za kopo ili kurudisha bakteria? Na mtu akiamua kununua anaangalia nini?

Mzee wa Kaunta:

Dada, kwa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki zipo aina zinazosaidia kupunguza, hilo lina ushahidi mzuri kiasi. Ila "kurudisha bakteria wake" ni kitu kingine, kwenye utafiti wa Weizmann huohuo watu wazima waliopewa probayotiki baada ya antibayotiki bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko ambao hawakupewa kitu. Mimi ningempa uji, maharage, matunda, mtindi kama anaupenda, na ningeangalia choo chake. Akiharisha damu au akilegea mpeleke.

Kwa anayenunua: tafuta majina matatu, la ukoo, la aina, na lile la mwisho la herufi na namba kama GR-1 au NCC3001. Kopo limeandikwa Lactobacillus tu, rudisha. Angalia idadi ya vimelea hai ni ya siku ya kwisha muda au ya siku ya kutengenezwa, nyingi wanaandika ya kutengenezwa maana ni kubwa. Uliza limesafiri vipi na linatakiwa likae joto gani, maana kopo lililolala kontena bandarini kwenye jua unaweza kuwa unanunua maiti za bakteria. Na muulize muuzaji huyo bakteria mwenye hilo jina la tatu alipimwa kwa watu gani, kwa shida gani. Mkikwama na lebo ipigeni picha muiweke hapa, namba ya simu ya muuzaji mfiche, tutaisoma pamoja.